Kisima, Kijito na Ardhioevu: Tafiti za Maji ya Bonde la Kilombero na Maana Yake kwa Mwananchi

Wananchi wa vijiji vya Bonde la Kilombero wamezoea kuwaona wataalamu wakifika na vifaa ambavyo matumizi yake hayaelezwi mara zote. Huyu ana chupa ndogo zilizofungwa kwa uangalifu ndani ya sanduku la barafu. Yule anashusha utepe mrefu kisimani na kusikiliza mlio. Wengine wamesimama kijitoni na wavu, wakichambua matope kwenye sinia jeupe. Kuna nyakati hupita ndege ndogo, chini chini, ikirudia mistari ile ile juu ya mbuga.

Maswali ya wananchi kuhusu watu hawa ni ya haki. Wanatafuta nini? Ni watafiti au wapima mipaka? Je, majibu yatarudi kijijini, au yatabaki kwenye makabati ya watu wengine? Makala hii inaeleza tafiti za aina tatu zinazofanyika katika bonde letu, yaani za maji ya chini ya ardhi, za ubora wa vijito na mito, na za wanyamapori wa ardhioevu. Inaeleza pia namna majibu yake yanavyosomwa na nafasi ya mwananchi katika kazi hiyo.

Jambo moja litangulie mengine yote. Kisima, kijito na mbuga inayofurika si vitu vitatu. Ni maji yale yale katika vituo vitatu vya safari moja. Mvua inayonyesha milimani huzama ardhini, hutokeza kama chemchemi, hutiririka kijitoni, husambaa mbugani wakati wa masika, na sehemu yake huzama tena na kuchotwa kisimani. Kwa sababu hiyo, anayepima mahali pamoja anapata habari za mahali pengine pia, na anayechafua mahali pamoja hawezi kusema kwamba uchafu wake umeishia hapo.

Bonde linalobeba maji ya wengi

Bonde la Kilombero limelala kati ya Milima ya Udzungwa, upande wa kaskazini-magharibi, na nyanda za juu za Mahenge, upande wa kusini-mashariki. Mito ya Ruhudji, Mnyera, Mpanga, Kihansi na mingine mingi hushuka kutoka pande hizo na kuungana kuwa Mto Kilombero, ambao baadhi yetu tunauita Ulanga. Eneo linalokusanya maji ya mto huu ni takribani moja ya tano tu ya Bonde lote la Rufiji, lakini mchango wake unakaribia theluthi mbili ya maji yote ya Mto Rufiji. Maji hayo ndiyo yanayoelekea katika Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya kuzalisha megawati 2,115 za umeme, na baada ya hapo katika mashamba na mikoko ya delta ya Rufiji.

Mwaka 2002 ardhioevu ya Kilombero, yenye ukubwa wa hekta 796,735, iliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran mwaka 1971. Tanzania ina maeneo manne tu ya namna hiyo. Mengine ni Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Kuwemo katika orodha hiyo hakumaanishi kwamba mwananchi amekatazwa kuishi, kulima au kuvua. Maana yake ni kwamba nchi imekubali kuyatumia maeneo hayo kwa busara na kufuatilia hali yake. Ufuatiliaji huo ndio unaowaleta wataalamu wenye chupa na nyavu.

Maji ya chini ya ardhi: kusoma kisichoonekana

Wengi wetu hudhani kwamba chini ya ardhi kuna mito inayotiririka gizani. Katika bonde letu mambo hayako hivyo. Maji yamejaa katika nafasi ndogo zilizo kati ya chembe za mchanga na changarawe, mithili ya maji yanayobaki katika ndoo ya mchanga uliolowa. Pale mchanga ulipo mwingi, maji hupita kwa urahisi na kisima hujaa upesi. Penye udongo wa mfinyanzi maji hupita kwa shida, na kisima huweza kukauka ingawa jirani aliye mita 200 tu anachota bila wasiwasi.

Kipimo cha kwanza cha mtaalamu ni kina. Utepe unaoshushwa kisimani una kitambuzi kwenye ncha yake, nacho hutoa mlio kinapogusa maji. Kipimo cha siku moja hakisemi mengi. Kikichukuliwa kila mwezi kwa miaka kadhaa, huonesha iwapo maji yanarudi kila masika katika kimo chake cha zamani au yanashuka kidogo kidogo. Mwenye kisima ambaye huandika kwenye daftari urefu wa kamba inayogusa maji kila mwisho wa mwezi tayari anafanya sehemu ya kazi hiyo, na daftari lake lina thamani kubwa kwa mtaalamu.

Kipimo cha pili kinahusu asili ya maji. Maji yote yameundwa kwa haidrojeni na oksijeni, lakini chembe chache miongoni mwake ni nzito kidogo kuliko nyingine. Wingu linapopanda mlima, chembe nzito hutangulia kudondoka, hivyo mvua ya juu milimani huwa na chembe nzito chache kuliko mvua ya bondeni. Tofauti hiyo hubaki ndani ya maji kama muhuri. Maabara ikipima maji ya kisima chako, inaweza kukadiria kama yametokana na mvua iliyonyesha hapo hapo, na mafuriko ya mto, au na mvua ya Udzungwa iliyozama ardhini mbali na kwako.

Njia hizi zimetumika hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2013, mradi wa watafiti wa Ujerumani na Afrika Mashariki kuhusu ardhioevu ulichagua uwanda wa mafuriko karibu na Ifakara kuwa mojawapo ya maeneo yake ya uchunguzi. Watafiti waliugawa uwanda katika sehemu tatu, yaani pembezoni chini ya milima, katikati, na kando ya mto, kisha wakafuatilia kimo cha maji na unyevu wa udongo katika kila sehemu. Kazi hiyo ilithibitisha kwa vipimo jambo ambalo wakulima wa mpunga hulijua kwa uzoefu. Mvua ikiwa ile ile, sehemu hizo hazilowi wala kukauka kwa mwendo mmoja, na maji yanayoshuka kutoka milimani yana mchango wake. Kutokana na hayo ni wazi kwamba msitu wa Udzungwa ukikatwa, hasara haitaishia kwenye mbao. Itawafikia pia wenye visima bondeni, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga msitu huo.

Kipimo cha tatu ni usalama wa kunywa. Kwa vijidudu, maabara huchukua mililita 100 za maji, huyapitisha katika chujio laini, kisha huliweka chujio hilo kwenye joto la nyuzi 44 kwa takribani siku moja. Vijidudu vya kinyesi vikiwamo, hukua na kuonekana kama madoa yanayohesabika. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa kijidudu cha E. coli ni sifuri katika mililita 100. Hapo hakuna kiasi kidogo kinachovumilika, kwa kuwa kuwapo kwa kijidudu hicho ni ushahidi kwamba kinyesi kimepata njia ya kufika majini.

Kwa kemikali, mambo ni tofauti. Nitrati, inayotoka vyooni na kwenye mbolea, isizidi miligramu 50 kwa lita, kwa kuwa ikizidi huwadhuru hasa watoto wachanga. Floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Floridi ni tatizo kubwa katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambako miamba ya volkano huitia majini na kuacha meno ya kahawia na mifupa iliyopinda. Mwananchi akumbuke kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi nitrati, floridi wala sumu za shambani. Maji yakipungua sufuriani kwa kuchemka, kemikali hizo hubaki katika maji machache zaidi.

Lipo pia lalamiko linalosikika mara kwa mara kuhusu visima vya pampu, kwamba maji yana ladha ya chuma, yanatia madoa nguo nyeupe na kuifanya chai iwe nyeusi. Sababu yake ni madini ya chuma. Ardhi iliyojaa maji na kukosa hewa huyayeyusha madini hayo, na maji yakitoka nje na kukutana na hewa, chuma hugeuka kutu. Hali hii inakera, lakini si dalili ya kinyesi. Mara nyingi maji yakiachwa yatulie ndani ya chombo kikubwa kisha yakachujwa, tatizo hupungua. Hatari huja pale mwananchi anapoyakimbia maji hayo na kurudi kwenye dimbwi ambalo maji yake ni meupe machoni ilhali yamebeba vijidudu.

Kijito: ushahidi wa wadudu

Maji ya kijitoni yanapita. Sampuli iliyochukuliwa Jumatatu asubuhi haiwezi kueleza kilichomwagwa Jumamosi usiku, kwa kuwa maji ya Jumamosi yamekwishafika mbali. Ndiyo maana wataalamu, pamoja na kupima uchafu unaoelea, oksijeni iliyoyeyuka, chumvi na kasi ya maji, huwauliza mashahidi ambao hawakuondoka, nao ni wadudu na viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe na kwenye mizizi ya matete kwa wiki au miezi kadhaa.

Tanzania ina utaratibu wake wa kuwasoma mashahidi hao. Unaitwa TARISS, nao ulitokana na utaratibu uliotangulia kutumika Afrika Kusini, ukarekebishwa ulingane na mito yetu. Mtaalamu husugua mawe kwa miguu huku wavu ukiwa umetegwa upande ambako maji yanaelekea, hupitisha wavu kwenye majani ya ukingoni na kwenye matope, kisha humwaga alichopata katika sinia jeupe. Kila jamii ya wadudu ina alama yake, kuanzia 1 hadi 15, kulingana na jinsi isivyovumilia uchafu.

Wapo wadudu wenye mikia miwili au mitatu myembamba kama nyuzi, wanaokwama kwenye mawe ya maji yaendayo kasi. Hao wanahitaji maji yenye oksijeni nyingi, hivyo wengi wao wana alama za juu. Watoto wa kereng'ende wako katikati. Minyoo na funza wekundu wa matopeni, wanaoweza kuishi pale oksijeni inapokaribia kwisha, wana alama za chini kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijito cha kwanza kimetoa jamii 12 za wadudu, na alama zao zikijumlishwa ni 78. Gawanya 78 kwa 12, unapata 6.5. Kijito cha pili kimetoa jamii 5 zenye jumla ya alama 15, na wastani wake ni 3. Wastani wa juu unaonesha kwamba wadudu wasiovumilia uchafu bado wapo. Wastani wa chini unaonesha kwamba wamekufa au wamehama, na waliobaki ni wale wanaoweza kuishi popote. Baada ya hapo mtaalamu hupanda na kijito, akipima kila baada ya umbali fulani. Mahali ambapo wastani unaanguka ghafla ndipo pa kuulizia. Je, kuna mahali pa kuoshea magari? Shamba lililolimwa hadi ukingoni? Mfereji wa maji machafu? Mahali ambapo mabomba ya kunyunyizia viuatilifu na viuagugu husuuzwa jioni?

Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji mashine ya gharama kubwa. Wavu, sinia, kitabu cha picha na macho yaliyofundishwa vinatosha. Walimu wa sayansi na wanafunzi wao wanaweza kujifunza hatua zake za awali na kukifuatilia kijito kilicho jirani na shule. Wakumbuke tu kuwarudisha viumbe majini baada ya kuwahesabu, na kutoingia kijitoni mahali penye mamba au maji yaendayo kwa nguvu.

Wanyamapori: kwa nini sheshe anahesabiwa

Baadhi ya wananchi hukereka wanaposikia kwamba ndege imekodiwa kuhesabu wanyama ilhali kisima cha kitongoji kimeharibika. Hoja hiyo inastahili jibu.

Mnyama wa ardhioevu ni kipimo cha maji. Sheshe, swala wa rangi ya dhahabu ambaye wenyeji wa bonde hili wanamjua vizuri, huishi kwenye nyasi za pembezoni mwa mafuriko. Maji yakipanda husogea, yakishuka hurudi kufuata majani mabichi. Anahitaji mbuga inayofurika na kukauka kwa wakati wake, na uwazi wa kusogea. Bonde la Kilombero liliwahi kukadiriwa kuwa na takribani robo tatu ya sheshe wote waliobaki duniani. Hesabu za anga zilizorudiwa tangu miaka ya 1990 zimeonesha kupungua kwao kwa kiasi kikubwa, sambamba na kupanuka kwa mashamba, kuongezeka kwa mifugo, uwindaji haramu na moto.

Hesabu hizo huendeshwa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI). Ndege huruka kwenye mistari iliyopangwa, na fimbo zilizofungwa upande wa mabawa humwonesha mhesabuji upana wa ukanda anaopaswa kuuhesabu. Wanyama walio nje ya ukanda huo hawahesabiwi hata wakionekana. Ikiwa kanda zote zimefunika moja ya kumi ya eneo na wameonekana sheshe 300, makadirio ni 3,000. Kwa kuwa wanyama hawakai kwa mpangilio sawa, ripoti huandika pia kiasi ambacho makadirio yanaweza kupungua au kuzidi. Hiyo ndiyo sababu mtu makini hashangilii wala hahuzuniki kwa hesabu ya mwaka mmoja. Huangalia mwelekeo wa hesabu nyingi zilizofanywa kwa njia ile ile.

Ndege nao hutoa ushahidi. Katika matete ya kingo za mto wetu huishi kwera wa Kilombero, ambaye sayansi ilimtambua rasmi mwaka 1990. Ndege wengine wawili wadogo wa nyasi za bonde hili walisubiri hadi mwaka 2021 kupewa majina ya kisayansi, ingawa wavuvi walikuwa wakiwasikia siku zote. Kingo zikifyekwa na kulimwa hadi majini, ndege hawa hukosa pa kujenga. Zaidi ya hayo, udongo huporomoka, mto hujaa mchanga, na mafuriko hubadili njia. Kambare na perege, ambao huingia katika maji ya mafuriko yaliyotulia kuzaliana na kukua, hupoteza makao hayo, na mvuvi huona upungufu huo wavuni miaka michache baadaye.

Hivyo basi, hesabu ya sheshe na ndege haishindani na ukarabati wa kisima. Inaeleza kama mbuga bado inapokea mafuriko, na mbuga inayofurika ni mojawapo ya njia ambazo maji hurudi ardhini.

Somo la Kihansi: kupima kabla

Mfano mkubwa kuliko yote uko ndani ya bonde hili hili. Mto Kihansi, unaoshuka kwa kasi kutoka ukingo wa Udzungwa, ulichaguliwa kwa mradi wa umeme wa megawati 180. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwishaanza, watafiti waliokuwa wakichunguza korongo la maporomoko walimkuta chura mdogo, asiyefikia sentimita 3, aliyeishi katika eneo la hekta chache tu lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko hayo. Chura huyo hatagi mayai, bali huzaa watoto walio kamili. Hakujulikana kuwapo mahali pengine popote duniani.

Mitambo ilipoanza kazi kuelekea mwaka 2000, takribani sehemu tisa kati ya kumi za maji ya korongo zilielekezwa kwenye handaki la umeme. Manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walichukuliwa kwenda kutunzwa Marekani, ambako hatimaye walisalimika katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga manyunyu ya asili. Kwa muda vyura waliongezeka, na mwaka 2003 walikadiriwa kufikia karibu 20,000. Kisha, katika miezi michache, walitoweka. Mwanzoni mwa mwaka 2004 walionekana wa kuhesabika kwa vidole. Uchunguzi wa mizoga ulikuta ugonjwa wa ukungu wa ngozi unaoua vyura katika nchi nyingi, na wataalamu wamejadili pia mchango wa mabadiliko ya maji korongoni. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 2010 kundi la vyura waliozaliwa Marekani lilirudishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 vyura walianza kurejeshwa korongoni. Kazi hiyo imehitaji miaka mingi, mabomba, maabara katika mabara mawili na fedha nyingi, kwa ajili ya kiumbe anayeweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba.

Hakuna anayesema kwamba umeme haukuhitajika. Nyumba zetu, mashine za mpunga na zahanati zinauhitaji. Somo la Kihansi linahusu mpangilio wa hatua. Viumbe wa korongo walichunguzwa kwa kina wakati uamuzi ulikwishafanyika na ujenzi unaendelea, na kila hatua iliyofuata ikawa ya kurekebisha. Utafiti unaotangulia uamuzi humpa mpangaji nafasi ya kuchagua. Unaokuja baada ya uamuzi humwachia gharama. Kanuni hii haihusu mabwawa makubwa peke yake. Kijiji kinachochimba kisima kisha kikapima maji baada ya pampu kufungwa na uzinduzi kufanyika, kimefuata mpangilio ule ule.

Sheria na huduma: mwananchi afanye nini

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mahitaji ya mazingira, ndipo matumizi mengine ya kiuchumi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Katika mwongozo huo, wananchi wanaombwa kuzingatia yafuatayo.

Kabla ya kuchimba kisima kirefu, kikundi au kijiji kihakikishe kuna uchunguzi wa kitaalamu wa mahali, na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) na Chombo cha Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii ndiyo milango ya kuanzia. Matokeo ya kupima maji yaombwe kwa maandishi kabla ya malipo ya mwisho ya mchimbaji.

Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya kimo cha maji ya ardhini wakati wa masika. Mahali ambapo maji yako karibu mno na uso wa ardhi, shimo refu halifai. Muulize afisa afya wa kata kuhusu choo kilichoinuliwa.

Maji ya kupimwa vijidudu yasichukuliwe kwa chupa ya soda, hata ikiwa imeoshwa. Chupa iliyotakaswa hutolewa na maabara, na sampuli inapaswa kukaa kwenye barafu na kufika maabara mapema, ndani ya saa 24 kwa kuchelewa sana. Wakati mzuri wa kupima ni mara mbili kwa mwaka, yaani mwishoni mwa kiangazi na baada ya mvua za kwanza, ambazo huosha uchafu wa juu na kuuingiza visimani.

Bomba la kunyunyizia dawa lisuuzwe shambani, mbali na kijito, na maji ya suuzo yamwagwe katika shamba lile lile. Makopo ya dawa yasitumike kuchotea maji.

Samaki wengi wakionekana wamekufa kwa pamoja, wasiokotwe kwa kula wala kuuzwa. Andika mahali, tarehe na saa, piga picha ikiwezekana, na mjulishe mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, ili maji yachukuliwe kabla ushahidi haujapita.

Mwisho, kuhusu watafiti wenyewe. Mtafiti hufika na barua ya utambulisho, na mtafiti kutoka nje ya nchi huwa na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Ni haki ya kijiji kuviona vibali hivyo, kuuliza kinachopimwa, na kuomba muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili. Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, ndipo mahali pa kuuomba muhtasari huo na kuuingiza katika kumbukumbu. Kijiji kikitunza faili lake la vipimo vya maji, likiwa na tarehe, mahali na matokeo, kitakuwa na cha kuonesha siku mwekezaji atakapokuja na ramani, au siku kisima kitakapobadilika ladha na watu wakaulizana kilikuwaje zamani.